Narudi Dodoma na kazi yangu ya Uingereza: kodi nalipa wapi, na familia itatibiwa kwa bima gani?

Mwanzisha uzi

Wakuu, habari za majukumu. Naomba ushauri wa waliokwisha kupita njia hii au wanaoijua kitaaluma.

Nipo Leeds. Nimeajiriwa na kampuni ya programu za kompyuta, mkataba wa kudumu, mshahara kwa pauni kila mwisho wa mwezi. Mama yangu yupo Nkuhungu, ana kisukari na presha, na ndugu aliyekuwa akimwangalia amehamishiwa Tabora kikazi. Nimezungumza na mkuu wangu wa kazi, amekubali nirudi nyumbani niendelee kufanya kazi kwa mtandao. Pasipoti yangu bado ni ya Tanzania. Mume wangu ni Mwingereza na watoto wetu wawili wamezaliwa huku. Tuna nyumba Iyumbu, imekamilika, hajaingia mpangaji.

Kila ninayemuuliza ana jibu lake. Mmoja anasema TRA hainihusu kwa kuwa pesa inalipwa nje. Mwingine anasema nitakatwa huku na huko mpaka mshahara uishe. Upande wa matibabu ndiyo sielewi kabisa: NHS, ile huduma ya afya ya umma ya Uingereza, nitaendelea nayo? NHIF wanampokea mtu ambaye mwajiri wake hayupo nchini? Jibu likiwa refu msijali, nitasoma lote.

Kisasa Magharibi

Karibu nyumbani dada. Mimi naona unajipa presha bure. Mshahara unaingia benki ya Uingereza, kodi yao wameshakata, wewe huku unatoa kidogo kidogo kwa kadi. TRA watajuaje? Nawajua watu kadhaa wa Dodoma wanaishi hivyo na hakuna aliyewagusa.

Mhasibu Makole

Dada, shikamoo kama umenizidi, na pole kwa hali ya mama. Kazi yangu ni kuandaa hesabu na ritani za kodi (taarifa za mapato zinazopelekwa TRA kila mwaka) hapa mjini, na watu wa aina yako wameongezeka sana tangu Serikali ilipohamia huku na treni ya SGR ilipoanza kufika Dodoma mwaka 2024. Wengi wananijia wakiwa wameshakaa miaka miwili au mitatu bila ritani hata moja, na wananijia siku ile wanapotaka kukopa benki au kufungua kampuni. Inaniuma kwa sababu mambo haya yanapangika kabla mtu hajakata tiketi.

Nianze na ndugu yangu wa Kisasa. Kwa kodi ya ajira, Sheria ya Kodi ya Mapato (Sura 332) inatazama kazi inafanyikia wapi. Benki iliyopokea mshahara haibadilishi kitu. Dada akiwa amekaa Iyumbu anaandika programu kwa ajili ya kampuni ya Leeds, hiyo ni ajira inayotekelezwa Tanzania, na mapato yake yana chanzo Tanzania hata kama senti moja haijawahi kuingia nchini. Kuhusu "watajuaje": TIN, namba ya mlipakodi, utaihitaji kusajili gari na kwa mambo mengine mengi, na deni la kodi halilali. Lina riba na lina adhabu za kutowasilisha ritani, na vyote hivyo vinahesabiwa kwa mwezi. Mtu mwenye mama mgonjwa na watoto wadogo hahitaji kuishi na deni la namna hiyo.

Sasa ukaazi. Mtu binafsi ni mkaazi kwa mwaka wa mapato kwa njia kuu tatu: awe na makazi ya kudumu nchini na awepo nchini sehemu yoyote ya mwaka huo, au awepo siku 183 na zaidi, au awepo mwaka huo na miaka miwili iliyotangulia kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kila mwaka. Mwaka wa mapato wa mtu binafsi ni Januari hadi Desemba, si ule wa Uingereza unaoanza tarehe 6 Aprili.

Kwa nini nakuchosha na haya? Kwa sababu mkaazi hutozwa kodi kwa mapato yake ya dunia nzima, na ukaazi wenyewe unahesabiwa kwa mwaka mzima. Ukitua Dodoma mwezi Mei, kufikia Desemba umevuka siku 183, na mshahara ulioupata Leeds Januari hadi Aprili nao unaingia kwenye ritani ya TRA. Hautalipiwa mara mbili moja kwa moja, kwa sababu kwa mapato yale ya nje unadai nafuu ya kodi uliyolipa kule. Ila nafuu hiyo haizidi kiwango cha wastani cha kodi yako ya hapa, na kama kule ulikatwa kidogo kuliko hapa, unajazia. Asiye na nyumba hapa huwa namshauri aje Januari, au aje baada ya mwanzo wa Julai. Kwako wewe ile nyumba ya Iyumbu ni jambo la kutazama. Nyumba yako mwenyewe, iliyokamilika, isiyo na mpangaji, inaipa TRA hoja nzuri ya kusema una makazi ya kudumu, na hapo hata ukifika Oktoba unaweza kuhesabiwa mkaazi wa mwaka huo. Kwa mtu wa hali yako Januari ndiyo mwezi safi kuliko yote.

Viwango. Kwa mkaazi, kwa mwezi: shilingi 270,000 za kwanza hazina kodi; hadi 520,000 ni asilimia 8; hadi 760,000 asilimia 20; hadi 1,000,000 asilimia 25; inayozidi milioni moja asilimia 30. Tuseme mshahara wako ukibadilishwa unakuwa milioni 6. Ile milioni ya kwanza inazaa kodi ya 128,000. Milioni tano zilizobaki kwa asilimia 30 ni 1,500,000. Jumla 1,628,000 kwa mwezi, yaani 19,536,000 kwa mwaka. Uipange bajeti yako ukiwa na namba hiyo kichwani, usiipange kwa mshahara mzima.

Anayeilipa ni nani? Kampuni iliyoajiri hapa nchini hukata yenyewe kila mwezi, ile tunayoiita lipa kadri unavyopata. Mwajiri asiye mkaazi, asiye na ofisi wala tawi hapa, hana wajibu huo wa kukata. Basi mzigo unahamia kwako: unawasilisha makadirio ya mwaka, unalipa kwa awamu nne (31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba, 31 Desemba), kisha ritani ya mwaka kabla ya 30 Juni mwaka unaofuata. Kwa mfano wangu kila awamu ni 4,884,000. Hapa ndipo watu wanapokwama, kwa sababu mshahara umeingia mzima na pesa ya kodi haijatengwa. Fungua akaunti ya pembeni, kila mwezi hamishia humo sehemu ya TRA siku ile ile ya mshahara.

Kesho nitaandika upande wa Uingereza. Huo ndio unaokula pesa za watu wengi.

Mwanzisha uzi

Mkuu nashukuru mno, hili la Januari hakuna aliyewahi kuniambia. Nasubiri hilo la Uingereza kwa hamu. Na wa afya jamani, mama ndiye sababu ya safari yote.

Nesi wa Kanda ya Kati

Dada pole na hongera kwa uamuzi. Nafanya kazi ya uuguzi hapa Dodoma, naomba nikueleze kwa mapana.

NHS inategemea wewe kuwa na makazi yako ya kawaida Uingereza. Ukishahama kwa nia ya kuishi huku, haki ya kutibiwa hospitalini bure inaondoka, hata kama una namba yao na uliwachangia miaka yote. Usitegemee kwamba ukiugua sana utapanda ndege ukatibiwe Leeds bila malipo. Ile kadi yao ya matibabu ya nje, GHIC, haifanyi kazi Tanzania.

Bima ya kampuni yako nayo: usikubali kuambiwa tu "umo kwenye bima". Waandikie, wakujibu kwa maandishi: eneo la huduma linafika Tanzania? Watoto na mwenza wamo? Magonjwa mliyokuwa nayo kabla yamo? Kumsafirisha mgonjwa kwa ndege wanalipa? Bima nyingi za waajiri zimeandikwa kwa nchi moja, na ndugu wengi hulijua hilo wakiwa kwenye dirisha la malipo.

NHIF. Mfumo wa waajiriwa ni asilimia 6 ya mshahara, mfanyakazi 3 na mwajiri 3, na mwanachama anaandikisha mwenza na wategemezi hadi wanne, wakiwemo wazazi. Huo kwako haufunguki, kwa sababu mwajiri wako hajasajiliwa hapa. Unaingia kwa mlango wa watu binafsi, vifurushi kama Ngorongoro Afya na Serengeti Afya. Nenda ofisini kwao, uliza bei kwa umri wa mama, uliza kipindi cha kusubiri kabla kadi haijaanza kufanya kazi, na uliza kisukari na presha vinashughulikiwaje. Mwandikishe mama sasa hivi, kabla hujaja. Usisubiri ufike. Kipindi cha kusubiri kinaweza kuisha wewe ukiwa bado unafunga mizigo.

Pia ujue Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge hapa hapa Dodoma Novemba 2023, na msingi wake ni kwamba kila mkaazi awe na bima. CHF iliyoboreshwa (mfuko wa afya ya jamii), iliyokuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita, ilitengenezwa kwa ajili ya kaya zisizo kwenye ajira rasmi, na matibabu yake yalikuwa yanaishia hospitali ya rufaa ya mkoa. Kwa mama mwenye magonjwa mawili ya kudumu ningependa awe na kitu kinachofika mbele zaidi ya hapo.

Mbele zaidi ni wapi? Hospitali ya Benjamin Mkapa, pale upande wa UDOM. Ilifunguliwa 2015, na mwaka 2018 ilianza kupandikiza figo. Nalisema hili kwa sababu kisukari na presha vikiachwa huenda kwenye figo, na zamani mgonjwa wa Dodoma alikuwa anapakiwa basi kwenda Muhimbili. Leo sehemu kubwa ya huduma hizo ipo hapa. Chini yake ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, wenyewe tunaiita General, halafu St. Gemma, DCMC ya Ntyuka, na kule Chamwino kuna Hospitali ya Uhuru na Mvumi. Kliniki ya kila mwezi ya mama haina haja ya kuanzia Mkapa. Anza kituo kilicho karibu na nyumbani, faili lijengeke, rufaa itolewe pale inapohitajika. Mgonjwa mwenye faili linaloeleweka anahudumiwa haraka kuliko anayeletwa akiwa amezidiwa na hakuna anayejua anatumia nini.

Akiba ya fedha taslimu iwepo pia. Machi 2024 hospitali nyingi binafsi zilisitisha kuwahudumia wanachama wa NHIF kutokana na mgogoro wa bei mpya, na mwenye kadi peke yake alilazimika kwenda hospitali za umma au kulipa mfukoni. Kadi ni muhimu sana, ila isiwe kitu pekee ulichonacho.

Watoto wako. Waliozaliwa Ulaya hawana kinga yoyote ya malaria, na wewe uliyekaa huko miaka mingi kinga yako imeshuka. Dodoma kwetu ni pakavu, malaria ni kidogo ukilinganisha na Kanda ya Ziwa, lakini mtasafiri. Homa ya mtoto baada ya safari ya Mwanza au Morogoro ipimwe siku hiyo hiyo, isisubiri kesho. Chanjo zao: beba kadi halisi, zitaendelezwa kliniki. Dawa zenu mje nazo na barua ya daktari yenye jina la kitaalamu la dawa, si la kibiashara. Metformini na amlodipini hazisumbui kupatikana. Zenye udhibiti, kama baadhi ya dawa za usingizi au za watoto wenye shida ya umakini, uliza TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, mapema kabla hujazibeba.

Mhasibu Makole

Nesi ametoa darasa. Naendelea nilipoishia.

Tanzania ina mikataba ya kuepuka kutoza kodi mara mbili na nchi chache: Afrika Kusini, Denmark, Finland, India, Italia, Kanada, Norway, Sweden na Zambia. Uingereza haimo. Marekani haimo, Ujerumani haimo. Kwa hiyo usisubiri mkataba ukutetee.

Mtu hujiambia, "nitaacha Uingereza waendelee kukata, halafu TRA watanipunguzia." Nafuu ya kodi ya nje inatolewa kwa mapato yenye chanzo nje. Mshahara wa kazi uliyoifanya ukiwa Iyumbu chanzo chake ni Tanzania, kama nilivyosema, kwa hiyo kodi ya Uingereza iliyokatwa juu yake haina pa kupunguziwa. Unabaki umelipa huko na unadaiwa hapa. Dawa yake ni kuzuia makato ya kule yasitokee: unapoondoka wajazie HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, fomu ya P85, waeleze tarehe ya kuhama na kwamba kazi itafanyika nje ya Uingereza, ili wampe mwajiri msimbo wa kutokata, ule wa NT. Mpaka msimbo huo ufike, makato yanaendelea na utayadai yarudishwe. Siku utakazorudi kufanya kazi Leeds, kwa mfano wiki ya mikutano, mshahara wa siku hizo unabaki na kodi ya Uingereza, na hizo ndizo utakazodai nafuu TRA. Weka daftari la tarehe na tiketi.

Michango yao ya National Insurance (hifadhi yao ya jamii) ni jambo jingine. Hakuna makubaliano ya hifadhi ya jamii kati ya nchi hizi mbili, na kwa kawaida mfanyakazi anayetumwa au kuondoka akiwa na mwajiri huyo huyo huendelea kukatwa kwa wiki 52 za mwanzo. Baada ya hapo unaweza kuangalia michango ya hiari ili pensheni yako isikatike, na hapa NSSF nao wanapokea mwanachama wa hiari.

Mwajiri wako asishtuke akisikia neno TRA. Anachoogopa ni kuonekana ana tawi la biashara Tanzania. Mfanyakazi mmoja anayeandika programu, asiyesaini mikataba na wateja wala kuuza kwa niaba ya kampuni, ni hatari ndogo kuliko meneja wa mauzo. Akikataa kabisa, zipo njia mbili. Moja ni kuajiriwa kupitia kampuni ya kati iliyosajiliwa hapa: makato yote yanafanyika kila mwezi, NSSF asilimia 20 mnagawana, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi upo, na hapo hata ule mlango wa NHIF wa waajiriwa unafunguka. Kwa mtu mwenye mzazi mgonjwa mimi naipenda njia hii kuliko zote, ingawa ina ada. Ya pili ni wewe kuwa mtoa huduma wa kujitegemea. Hapo unaingia kwenye kodi ya biashara, intaneti na kompyuta unaweza kuzitoa kama gharama, jambo ambalo mwajiriwa haruhusiwi, ila unapoteza likizo ya kulipwa, bima ya kazini na ulinzi wa ajira. Usisaini kwa sababu tu namba ya mwezi imeongezeka.

Kondoa–Toronto

Naongezea wa Kanada. Sisi mkataba upo, na umenisaidia. Ila afya ni hadithi ile ile: Ontario wanataka uwepo mkoani kwao kimwili angalau siku 153 katika kila miezi 12, vinginevyo OHIP, bima ya afya ya mkoa huo, inakatika. Mwanzisha uzi, kama una kibali cha kudumu cha Uingereza, kumbuka kinapotea ukikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo. Kiangalie kabla mama hajakuzoea.

Mpwapwa Juu

Mimi nina green card ya Marekani, nataka kufanya hivi hivi. Kuna tofauti?

Mhasibu Makole

Ipo, na ni kubwa. Marekani inamtoza raia wake na mwenye green card popote alipo. Utawasilisha ritani mbili kila mwaka. Kuna njia ya kuondoa mapato ya kazi ya nje, fomu 2555, kwa aliyekaa nje siku 330 ndani ya miezi 12. Kiwango cha mwaka 2025 kilikuwa dola 130,000. Au unatumia fomu 1116 kudai nafuu ya kodi uliyolipa TRA, na kwa kuwa kiwango chetu cha juu ni asilimia 30, mara nyingi inatosha kufuta ya kwao. Akaunti zako za benki za hapa zikifikisha jumla ya zaidi ya dola 10,000 wakati wowote wa mwaka, kuna taarifa ya peke yake ya kuwasilisha. Na kuishi nje muda mrefu kunaweza kukunyang'anya hiyo green card, zungumza na mwanasheria wa uhamiaji.

Kisasa Magharibi

Mhasibu nimekuelewa, na nafuta ushauri wangu wa juu. Swali moja: mume wa dada naye, ambaye ni mgeni?

Mhasibu Makole

Aingie kwa kibali cha ukaazi, si viza ya matembezi, na akitaka kufanya kazi aulize Uhamiaji na Idara ya Kazi kwanza. Kwenye kodi ana unafuu mmoja ambao mke wake hana. Mkaazi ambaye katika maisha yake yote hajawa mkaazi wa Tanzania zaidi ya miaka miwili hutozwa kwa mapato yenye chanzo Tanzania tu. Kama ana nyumba ya kupangisha Uingereza, kodi ya pango hiyo TRA hawaigusi kwa kipindi hicho. Dada alizaliwa na kukulia hapa, miaka yake miwili iliisha zamani.

Mwanzisha uzi

Nimekaa na mume wangu tumesoma uzi wote. Tumeamua safari iwe Januari. Wiki hii namwandikia mwajiri barua moja yenye maswali yote ya bima na kuomba wafikirie ile kampuni ya kati, na mdogo wangu anampeleka mama NHIF Jumatatu. Nimebakiwa na swali moja: wakikataa kampuni ya kati nikabaki mwajiriwa wao wa moja kwa moja, TRA naanza nao lini?

Mhasibu Makole

Wiki ya kwanza uliyofika. Nenda na NIDA uchukue TIN kama huna, au uihuishe ya zamani. Makadirio ya mwaka na awamu ya kwanza ni kabla ya 31 Machi, kwa hiyo mishahara ya Januari, Februari na Machi itenge tangu mwanzo. Beba mkataba wa ajira, barua ya mwajiri inayosema kazi inafanyikia Dodoma, nakala ya P85 na hati za mshahara. Mshahara wa pauni unaubadilisha kuwa shilingi kwa viwango vya Benki Kuu, hifadhi kiwango cha kila tarehe uliyolipwa. Ukikwama na ritani ya kwanza njoo PM, ya kwanza tutaijaza pamoja bila malipo, zitakazofuata utaziweza mwenyewe.